Nani Atabaki Kituoni?

Mwaka wangu wa mwisho wa sekondari nilichapwa viboko mara nyingi kwa kosa moja tu: kuchelewa. Si kwamba nilikuwa mvivu wa kuamka, la hasha. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa nimeshasimama kituoni Gongo la Mboto, shati nimechomekea, nauli ya mwanafunzi nimeibana kiganjani. Na hiyo nauli ndiyo iliyoniponza. Daladala inakuja, konda kaning'inia mlangoni anaita "Posta, Posta!" Akishatuona sisi wenye sare anagonga bati mara mbili: "Twende, suka!" Gari linaondoka na mlango wazi. Nauli yetu ilikuwa ndogo kuliko ya mtu mzima, na nafasi tunayochukua ni ile ile. Msomaji, ungekuwa konda wewe ungefanyaje?

Leo sina sare tena. Kidato cha nne nilimaliza, matokeo yake naomba tusiyazungumze. Nimebaki na kauntabuku tatu ninazoandikia riwaya yangu, ambayo bado haijampata mchapishaji. Lakini mdogo wangu wa kike yuko kidato cha pili, na kila alfajiri anasimama kituo kile kile nilichosimama mimi. Mama anauza chai na chapati hatua chache kutoka pale. Mjomba, ambaye tunaishi kwake, ni dereva wa daladala. Kwa hiyo habari hii ya usafiri wa mtaa wetu inaingia hadi ndani ya chungu chetu cha ugali.

MABISHANO YA KIJIWENI

Karibu na kwetu kuna kijiwe cha kahawa. Ujenzi wa barabara ya mabasi yaendayo haraka, awamu ya tatu, ulipoingia katika Barabara ya Nyerere mwaka 2022, mazungumzo ya pale yakaacha kuwa Simba na Yanga peke yake. Watu waligawanyika makundi matatu. Wa kwanza walisema mwendokasi ndiyo ukombozi wetu. Wa pili walisema afadhali serikali iongeze treni, maana reli ipo tayari na treni haijui foleni. Wa tatu, akiwemo mjomba, walisema waachiwe daladala zao, kwani ndizo zilizowabeba watu wa Gongo la Mboto wakati wengine wote walipowakimbia.

Mimi nilikuwa upande wa mwendokasi. Ni kijana, napenda kitu kipya. Lakini pale kijiweni kulikuwa na mzee mmoja, kondakta wa zamani wa UDA, ambaye kila nilipofungua mdomo alinikata: "Mjukuu wangu, hayo tulishayaona." Yapi hayo? Kila nikiuliza anacheka, anaagiza kahawa nyingine. Ikabidi nitafute mwenyewe. Nikawauliza wazee, nikasoma vitabu vya kuazima. Haya niliyoyapata ndiyo ninayokuletea.

TRENI ILITANGULIA BASI

Upande wetu wa mji uliona treni kabla ya kuona basi. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Ilipita hapa hapa kwetu ikielekea vilima vya Pugu. Lakini usifikiri ilijengwa ili mkazi wa Pugu awahi kazini mjini. Ilijengwa ili mali ya bara ifike bandarini, na askari wa mkoloni wafike bara. Treni ilipita, wenyeji wakaitazama.

Na mji wenyewe mkoloni aliugawa kwa rangi za watu: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mwafrika alitegemewa akae Kariakoo au Ilala, aende kazini kwa miguu, arudi kwa miguu. Aliyekaa mbali zaidi, miguu yake ndiyo basi lake. Mwalimu Julius Nyerere alifundisha shule ya Mtakatifu Fransisko kule Pugu katika miaka ya mwanzo ya 1950, na wazee husimulia jinsi alivyokuwa akitembea kutoka Pugu hadi Kariakoo kwa shughuli za siasa, kisha anarudi kufundisha. Mwaka 1955 aliacha ualimu akaitumikia TANU. Barabara ile iliyoitwa Barabara ya Pugu leo ina jina lake. Siku foleni ikikaza pale karibu na Tazara, abiria tumebanana hadi pumzi zinapishana kwa zamu, huwa namkumbuka Mwalimu na viatu vyake vyenye vumbi.

BASI LA TAIFA

Mabasi ya mjini yalikuwa ya kampuni iliyoitwa Dar es Salaam Motor Transport, au DMT kwa kifupi. Lilikuwa shirika la wenye mitaji wa kigeni. Likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, na mwaka 1970 DMT ikataifishwa. Mwaka 1974 ikagawanywa mara mbili. Safari za mikoani zikapewa KAMATA, yaani Kampuni ya Mabasi ya Taifa, na safari za mjini zikapewa UDA, yaani Usafiri Dar es Salaam.

Hapo ndipo mzee wetu wa kijiweni alipoingia kazini. Ukimgusa habari za UDA, macho yanamng'aa. Anakuambia sare ilipigwa pasi, tiketi ilikatwa, mshahara ulitoka mwisho wa mwezi. Anakuambia juu ya Ikarusi, mabasi kutoka Hungary, mengine marefu yaliyoungwa katikati kwa mpira unaokunjika, likikata kona utadhani nyoka. Kumbakumba waliliita, kwa jinsi lilivyozoa watu.

Basi hilo lilikufa kwa nini? Nilidhani atanijibu "wizi", kama wengi wanavyojibu. Akaniambia nikae vizuri.

Kwanza, watu waliongezeka kuliko magari. Sensa ya mwaka 1978 ilikuta mkoa wa Dar es Salaam una watu zaidi ya 840,000. Ile ya 1988 ikakuta zaidi ya 1,360,000. Pili, mafuta yalipanda bei duniani mwaka 1973, yakapanda tena 1979. Katikati ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Nchi ikaishiwa fedha za kigeni, na bila fedha za kigeni hakuna vipuri. Basi likiharibika leo, kesho linatolewa gurudumu ili jingine litembee, na mwezi ujao yote mawili yako juu ya mawe. Tatu, nauli ilipangwa na serikali iwe ya chini ili mnyonge aimudu. Jambo zuri. Lakini kile kilichopungua kwenye nauli kilihitaji mtu wa kukijaza, na mfuko wa kujazia ulikuwa umetoboka.

La nne ndilo lililonifanya niweke kalamu chini. Sheria ilimkataza mtu binafsi kubeba abiria mjini. Waliobeba walibeba kwa kujificha, wakikamatwa ni mahakamani. Kwa hiyo UDA ilipoanza kuchechemea, hapakuwa na mwingine wa kumshika mkono abiria. Watu walisimama kituoni saa mbili, saa tatu. Wengine wakaanza kutembea kama baba zao.

"Sisi hatukushindwa kwa sababu basi lilikuwa baya," mzee aliniambia. "Basi lilikuwa zuri, tena sana. Tulishindwa kwa sababu lilikuwa peke yake, na halikuwa na chakula."

DALA MOJA TU

Mwaka 1983 serikali ilikubali yaishe. Watu binafsi wakaruhusiwa kubeba abiria chini ya mwavuli wa UDA. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano mitaani iliitwa dala. Makonda wakawa wanaita "dala, dala!" na jina likaganda hadi leo, ingawa shilingi tano yenyewe sasa haikununulii hata pipi.

Mwaka 1984 masharti ya kuingiza bidhaa yalilegezwa, mwenye fedha zake za kigeni akaweza kuleta gari. Zikaja pikapu zilizofungwa mabenchi mawili nyuma, abiria mnatazamana magoti kwa magoti. Chai maharage hizo! Miaka ya 1990 ikawa zamu ya vipanya na DCM. Lazima tuseme kweli: daladala iliuokoa mji huu. Ilifika ambako lami haikufika. Majohe, Ulongoni, Chanika, nani mwingine alikwenda? Mvua inanyesha, barabara imekuwa mto, daladala inapita na wewe umo ndani, umekunja shingo, lakini unafika.

Ila daladala nayo ilizaliwa na kilema chake, na kilema hicho kinaitwa hesabu. Mjomba hajawahi kuwa na mkataba wala mshahara. Asubuhi tajiri anampa gari, jioni anataka hesabu yake kamili. Mafuta ni juu ya mjomba. Kinachobaki ndicho wanachogawana yeye na konda wake. Hakikubaki? Bahati mbaya, kesho siku nyingine, kama gari hajapewa deiwaka mwingine. Ndiyo maana daladala hazikimbizani kwa ushetani kama watu wanavyosema. Zinakimbizana na saa ya jioni.

Siku moja nikakusanya ujasiri nikamwuliza: "Mjomba, hivi na wewe ulikuwa unawaacha wanafunzi kituoni?"

Akanyamaza. Akaipuliza kahawa yake muda mrefu, na kahawa yenyewe ilishapoa.

"Nilikuwa nawaacha," akasema. "Siku nilipowabeba wote, nilirudi nyumbani mikono mitupu. Na wewe na mama yako mlikuwa mnakula kwangu."

Sikuwa na la kusema. Ina maana zile chapati za asubuhi nilizokula kabla ya kwenda kuachwa kituoni zililipwa na mtoto mwingine aliyeachwa kituo kingine. Tangu siku hiyo siwatukani makonda.

TRENI TENA, HALAFU MWENDOKASI

Oktoba 2012 treni ilirudi, safari hii kwa ajili yetu. Waziri wa Uchukuzi wakati ule alikuwa Dk. Harrison Mwakyembe, na watu hawakusubiri ipewe jina. Wakaiita treni ya Mwakyembe. Moja ilitoka Ubungo hadi Stesheni kwa Reli ya Kati, nyingine ilitumia njia ya TAZARA. Miaka michache baadaye ikaanzishwa na ya Pugu, inayopita Gongo la Mboto asubuhi na jioni.

Nimeipanda. We acha tu! Unapita nyuma ya viwanda, huku barabarani magari yamesimama kama yamepigwa picha. Wenye kupenda treni wana hoja. Ardhi ya reli ipo tayari, behewa moja linabeba watu wa daladala kadhaa, na askari wa usalama barabarani hawezi kulisimamisha.

Lakini sikiliza upande wa pili. Reli ile ni njia moja, na inapitisha pia mizigo na treni za bara. Treni mbili haziwezi kupishana popote zinapotaka. Zinapishana stesheni tu. Kwa hiyo huwezi kuweka treni kila baada ya dakika tano. Ukiikosa ya asubuhi, umeikosa. Na upande wetu wa mji una maajabu mengine: reli za vipimo vitatu. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina kati ya 1970 na 1975, ina 1,067. Ile ya kisasa ya umeme, SGR, iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, ina 1,435. Treni ya reli moja haiwezi kukanyaga reli ya mwenzake. SGR ina stesheni Pugu, ni kweli, lakini ilijengwa kwa safari ndefu. Haisimami kila mtaa kumpakia muuza mchicha.

Sasa twende kwa mwendokasi. Mpango wake ulianza kuandikwa miaka ya mwanzo ya 2000, na mabasi yakaanza kubeba abiria Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani. Njia yote kilomita 21 hivi, na nauli wakati ule wa kuanza ilikuwa shilingi 650 katika njia kuu. Basi lina barabara yake peke yake. Mtu wa Kimara aliyekuwa akitumia saa mbili na zaidi kwenda mjini akafika chini ya saa moja. Aliyesema hayo si maendeleo, alikuwa hajawahi kukaa Kimara.

Ila tazama na hili. Mabasi yaliyoanza yalikuwa 140, wakati mpango kamili wa awamu ile ulitaka 305. Mwendeshaji alikuwa mmoja. Daladala za Barabara ya Morogoro zikaondolewa katika njia ile, nyingine zikapelekwa njia za pembeni. Halafu kituo kikuu cha mabasi yenyewe kikawekwa Jangwani, bondeni, penye jina la jangwa na tabia ya ziwa. Mvua kubwa ikinyesha, Mto Msimbazi unafurika, barabara inafungwa, mabasi yanasimama. Na baada ya muda watu wakaanza kujazana vituoni, wakiangalia barabara pana, safi, tupu.

Nilipomsomea mzee maelezo haya, alicheka hadi akakohoa. "Basi refu lenye mpira katikati?" akauliza. "Kampuni moja? Mengine yamezuiwa? Magari hayatoshi? Mjukuu, mimi basi hilo nimelikatia tiketi!"

TUPIME SASA

Basi tuchague nini, sisi wa Gongo la Mboto?

Barabara ya Nyerere inahitaji mwendokasi. Hilo nalisema bila kumung'unya, hata mbele ya mjomba. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na umati wa namna hiyo hauwezi kupita kwenye milango ya Coaster. Lakini historia inaniambia kwamba gari jipya halifuti ugonjwa wa zamani. Ugonjwa hupanda nalo. UDA ilikufa kwa kuwa peke yake na kukosa vipuri. Mwendokasi ikiwa peke yake na mabasi hayatoshi, itakuwa UDA yenye kiyoyozi. Kwa hiyo cha kuuliza kwanza ni mabasi mangapi yapo tayari siku ya kuanza, na yakiharibika kumi nani atayarudisha barabarani. Lami na rangi za kituo tutazisifu baadaye. Na wawepo waendeshaji zaidi ya mmoja.

Daladala zisifukuzwe kama wezi. Mwendokasi haitaingia Ulongoni. Mtu wa Majohe atahitaji kitu cha kumfikisha barabara kuu, na kitu hicho kipo, kinaendeshwa na mjomba wangu na wenzake wanaojua kila shimo. Wapewe njia hizo kwa mikataba ya kueleweka na mshahara wa mwezi. Dereva mwenye mshahara hana sababu ya kumkimbia mwanafunzi. Nimelifikiria hili usiku mwingi, na kila nikirudi nalo nafika pale pale: viboko vyangu vilitoka kwenye hesabu ya tajiri. Roho ya konda haikuwa na kosa kubwa kiasi hicho.

Na treni iachwe ifanye inachokiweza. Iwachukue wanaotoka alfajiri, wapagazi wa Kariakoo, walinzi, wafagiaji, kwa saa inayojulikana na isiyodanganya. Kituo kizuiwe na mafuriko, barabara ifungwe kwa ajali, reli iwe ni mlango wa pili. Nyumba yenye mlango mmoja ni hatari siku ya moto.

Nilipoyasema haya kijiweni, kila kundi lilinikasirikia. Wa mwendokasi waliniita kigeugeu. Wa treni walisema nimewapa makombo. Mjomba hakusema kitu. Alinunua kahawa mbili, moja akanisogezea mimi.

Vijana wenzangu mnaoandika, wazee wetu makondakta, mafundi wa gereji na madereva wa Ikarusi wanaondoka mmoja mmoja, nao hawakuandika. Nendeni mkawaulize. Kila mtaa una mzee wa namna hii, na kila mpango mpya unapokuja, yeye ndiye asiyeitwa kwenye mkutano.

Jana nilimsindikiza mdogo wangu kituoni. Daladala ya kwanza ikatupita, ya pili ikatupita. Ya tatu ikasimama mbele yake, konda akamwangalia, akaangalia saa, akasema, "Haya, ingia dogo, simama hapo mlangoni." Akaingia. Wenzake watano wenye sare wakabaki nami, na ilikuwa saa kumi na mbili na robo.